Dakika Kumi za Ngomeni

Huko Ngomeni, kaskazini ya mji wa Malindi, Shirika la Anga za Juu la Italia lina kituo cha mawasiliano chenye madishi makubwa yanayotazama juu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2004, dishi mojawapo limekuwa likifuata, mara kadhaa kila siku, chombo cha utafiti cha Marekani kiitwacho Swift. Chombo hicho kilitengenezwa Marekani, kikarushwa kutoka Florida, na wanaokiongoza wako katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania. Hata hivyo, sehemu kubwa ya data zake hufika duniani kwanza kupitia pwani ya Kenya. Sababu zake zimo zaidi katika jiometri kuliko katika siasa, na ili kuzielewa inabidi tufuate kazi ya kila siku ya chombo chenyewe, hatua kwa hatua.

Swift kilirushwa tarehe 20 Novemba 2004. Mwaka 2018 kiliongezewa jina la Neil Gehrels, mwanasayansi aliyeuongoza mradi huo hadi alipofariki mwaka 2017. Kazi kuu ya chombo ni kutafuta milipuko ya miali ya gama. Mlipuko wa aina hii ni mmweko mkali mno unaotoka mbali, nje ya kundi letu la nyota, na husababishwa na kuporomoka kwa nyota kubwa sana au kugongana kwa nyota za nyutroni. Unaweza kudumu chini ya sekunde moja, au ukaendelea kwa dakika kadhaa. Hakuna awezaye kutabiri utatokea lini wala upande gani wa anga. Ukishapita, unaacha mng'ao wa eksirei na wa mwanga wa kawaida ambao hufifia haraka, na ndani ya mng'ao huo ndimo mna habari wanazozihitaji wataalamu: umbali, nguvu na mazingira ya mahali ulipotokea.

Kwa kazi hiyo chombo kina vifaa vitatu. Cha kwanza hutazama eneo kubwa la anga kwa wakati mmoja na kungoja mmweko wa gama. Cha pili ni darubini ya eksirei. Cha tatu ni darubini ya mwanga wa kawaida na wa urujuanimno. Kifaa cha kwanza kikiona mmweko, kompyuta iliyomo ndani ya chombo hukadiria mahali ulipotoka, kisha chombo kizima hujigeuza chenyewe ili zile darubini mbili zielekee huko. Kinaweza kugeuka nyuzi 50 kwa muda usiozidi sekunde 75. Msomaji alishike hili la kujigeuza bila kuamriwa, kwa sababu ndilo linalotofautisha Swift na darubini nyingine nyingi, na ndilo linaloleta ugumu mwingi tutakaoueleza.

Sasa tuje kwenye njia yake. Chombo kinachoizunguka dunia hakisukumwi na injini muda wote. Kinaanguka kuelekea dunia, lakini kinakwenda kasi mno kwa pembeni kiasi kwamba kila kinapoanguka, uso wa dunia nao unakuwa umepinda na kukikwepa. Njia hiyo huitwa obiti. Swift kiliwekwa kwenye obiti ya kimo cha kilomita 600 hivi. Katika kimo hicho mwendo ni kilomita saba na nusu kwa sekunde, na mzunguko mmoja huchukua dakika 96. Kwa siku moja chombo kinaizunguka dunia mara 15.

Watu wengi hudhani kwamba tatizo kubwa la kuwasiliana na chombo cha angani ni umbali. Kwa chombo kilicho mbali sana kama Voyager 1 hilo ni kweli: mawimbi ya redio hutumia zaidi ya saa 22 kufika kwake, na hutumia muda kama huo kurudi. Kwa Swift umbali si kitu. Kikiwa juu ya Malindi kiko karibu na Malindi kuliko Kampala ilivyo, na mawimbi hufika kwa milisekunde mbili tu. Tatizo ni kuonekana. Mawimbi yanayotumika hapa husafiri kwa mstari ulionyooka, na dunia ni duara. Chombo kikishazama chini ya upeo wa macho, dunia nzima inakuwa imekaa kati yake na dishi.

Tupige hesabu. Nusu kipenyo cha dunia ni kilomita 6,378. Kwa chombo kilichoko kimo cha kilomita 600, kituo cha ardhini kinaweza kukiona tangu kinapokuwa umbali wa kilomita 2,800 kwenye upeo wa macho upande mmoja hadi umbali kama huo upande wa pili. Ukichora pembe kutoka kwenye kitovu cha dunia, chombo kinakuwa mbele ya kituo kwa nyuzi 48 kati ya 360 za mzunguko wake, yaani dakika 13 hivi, kama kikipita juu kabisa ya kituo. Dakika za mwanzo na za mwisho hazifai sana: chombo kiko chini, miti na majengo huzuia, na mawimbi hupenya hewa nene. Aidha, nguvu ya mawimbi hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo kwenye kilomita 2,800 yanafika yakiwa dhaifu zaidi ya mara 20 kuliko yanapotoka kilomita 600. Zinabaki dakika kumi, au pungufu. Wakati huo ndio tutakaouita kipindi cha mawasiliano.

Hapo ndipo jiometri inapotufikisha Ngomeni. Obiti ya Swift imeinama nyuzi 20.6 tu kutoka ikweta, maana yake chombo hakiendi kaskazini wala kusini kupita latitudo hiyo. Kituo kilichojengwa Pennsylvania, kwenye latitudo ya 40 kaskazini, hata kingekuwa na dishi kubwa kiasi gani, kingeuona mgongo wa chombo kwenye upeo wa kusini mara chache tu kwa siku, tena kwa shida. Malindi iko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Kutoka huko, karibu kila mzunguko wa Swift huwa juu ya upeo wa macho kwa muda fulani, ijapokuwa baadhi hupita chini sana upande wa kaskazini na haifai kuitegemea.

Na kwa nini obiti yenyewe ikaelekezwa karibu na ikweta? Juu ya Brazil na Atlantiki ya Kusini kuna eneo ambapo uga wa sumaku wa dunia ni dhaifu, na mkanda wa chembe zenye chaji unaoizunguka dunia hushuka chini zaidi. Chombo kikipita hapo, vihisi vyake hupigwa na chembe hizo hadi vishindwe kutofautisha mmweko wa kweli na fujo, na kifaa cha kutafuta milipuko hulazimika kuacha kazi kwa muda. Obiti iliyoinama kidogo hulikwepa eneo hilo mara nyingi zaidi. Setilaiti ya Italia AGILE, iliyorushwa mwaka 2007, ilikuwa na mwinamo wa nyuzi mbili na nusu tu. IXPE ya Marekani na Italia, iliyorushwa Desemba 2021 kupima eksirei, iko karibu kabisa juu ya ikweta. Zote mbili zilitegemea Malindi. Hata Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya uchunguzi wa eksirei za angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini karibu na Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970. Sababu ni ile ile: anayetaka obiti ya ikweta hupata nafuu akiwa kwenye ikweta.

Tukitazame sasa kipindi kimoja cha mawasiliano. Siku kadhaa kabla, wahandisi wa Pennsylvania na wa kituo huwa wameshakubaliana ni mizunguko ipi itatumika, maana dishi linahudumia vyombo vingine pia. Hesabu za obiti hutoa sekunde ambayo chombo kitachomoza na upande kitakakotokea. Dishi lenye kipenyo cha mita 10 hugeuzwa kungoja mahali hapo. Chombo kikitokeza, dishi huanza kukifuata, na hapa hapana nafasi ya kubahatisha: kwa masafa yanayotumika, dishi la ukubwa huo husikia vizuri ndani ya upana wa nyuzi moja hivi, ambao ni mara mbili ya upana wa mwezi mpevu tunavyouona. Chombo kikiwa juu kabisa huvuka upana huo kwa sekunde moja na nusu. Dishi la tani nyingi lazima ligeuke nacho, bila kutangulia wala kuchelewa.

Jambo la pili ni masafa. Chombo kinapokuja kwa kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde, mawimbi yake hubanwa na kufika yakiwa na masafa ya juu kidogo kuliko yalivyotumwa. Kinapoondoka, huvutwa na kuwa ya chini. Wanafizikia huiita athari ya Doppler. Kwa Swift tofauti hiyo hufikia kilohezi 50 hivi, nayo hubadilika muda wote wa kipindi, haraka zaidi chombo kinapopita utosini. Kipokezi kisichojua kuirekebisha tofauti hiyo kitasikia kelele tu. Kwa bahati nzuri hili ni tatizo lililotatuliwa zamani, na kompyuta hulimaliza zenyewe.

Mawasiliano yakishashikana, mambo matatu hufanyika pamoja. Chombo hutuma taarifa za afya yake: joto la kila sehemu, chaji ya betri, mwendo wa magurudumu yanayokigeuza. Pili, humwaga data za sayansi zilizohifadhiwa kwenye kumbukumbu tangu kipindi kilichotangulia. Tatu, hupokea amri mpya. Kuna la nne ambalo wengi hawalifikirii: saa ya chombo hulinganishwa na saa ya ardhini. Saa ile huenda mrama kidogo kidogo, na mtaalamu anayetaka kujua nyota ya nyutroni inapigapiga mara ngapi kwa sekunde hawezi kufanya kazi bila kujua saa imekosea kwa kiasi gani.

Mwendo wa kuteremsha data ni megabiti 2.25 kwa sekunde. Chukua dakika nane nzuri, yaani sekunde 480, uzidishe: unapata megabiti 1,080, ambazo ni megabaiti 135. Hiyo ni pungufu ya filamu moja ya kawaida kwenye simu. Ukivipata vipindi kumi kwa siku, unakuwa na gigabaiti moja na ziada. Kumbukumbu ya chombo inabeba gigabiti 32, yaani gigabaiti 4, kwa hiyo kipindi kimoja au viwili vikikosekana, tuseme kwa sababu umeme umekatika au mtambo wa dishi umekwama, data hazipotei, zinasubiri. Hata hivyo, kila kilichokosekana hulipwa baadaye kwa muda wa vipindi vinavyofuata, na muda huo nao ulikuwa na kazi yake.

Data zikifika Ngomeni safari haijaisha. Husafirishwa kwanza hadi Fucino, Italia, ndipo ziende Pennsylvania, zikasafishwe na kuwekwa wazi kwa wataalamu wa dunia nzima. Kwa muda wa miaka mingi kiungo kati ya Malindi na Italia kilikuwa setilaiti nyingine ya mawasiliano. Yaani data zilishuka kutoka angani, zikapanda tena, zikashuka Ulaya.

Kipindi kinachukua dakika kumi, na mzunguko ni dakika 96. Muda mwingi wa maisha yake, basi, chombo kiko peke yake. Anayedhani kuna mtu ameketi mbele ya skrini huko Pennsylvania akikiendesha kwa mkono amekosea sana. Kazi ya kweli ya waendeshaji ni kuandika ratiba.

Ratiba hiyo husema chombo kitazame wapi, saa ngapi, kwa muda gani, kwa siku nzima ijayo au zaidi. Kuiandika ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Kutoka kimo cha kilomita 600, dunia yenyewe huziba karibu theluthi moja ya anga, na sehemu inayozibwa hubadilika kila dakika. Darubini haziruhusiwi kuelekezwa karibu na jua. Nyuzi 45 hivi zinazolizunguka ni marufuku. Ukingo wa dunia wenye mwanga nao lazima uepukwe, na mwezi vilevile. Matokeo yake, kitu kimoja cha angani hakiwezi kutazamwa mfululizo kwa mzunguko mzima. Mpangaji hugawa kila mzunguko vipande, akitafuta kitu cha kutazamwa wakati hiki kimefichwa, na njia ya kugeuka kutoka huku kwenda kule isiyopita kwenye jua.

Kisha kuna suala la joto, ambalo ni mfano mzuri wa jinsi hitilafu ya mara moja inavyogeuka kuwa kazi ya kila siku. Kihisi cha darubini ya eksirei kilibuniwa kifanye kazi katika baridi ya nyuzi 100 chini ya sifuri kwa msaada wa mtambo wa kupooza. Mtambo huo uliharibika Desemba 2004, majuma machache tu baada ya chombo kurushwa. Hakuna fundi wa kumtuma huko. Kilichobaki ni kidirisha kinachotoa joto la kihisi kwenda angani, na kidirisha hicho hufanya kazi vizuri kisipoielekea dunia, kwa kuwa dunia inatoa joto lake. Tangu wakati huo, kila anayepanga ratiba ya Swift hukokotoa pia kihisi kitapata joto kiasi gani kwa kila mwelekeo, na hupanga mielekeo ya joto na ya baridi kwa zamu, ili kihisi kibaki katika nyuzi 50 chini ya sifuri au chini zaidi. Tatizo la uhandisi limemezwa na ratiba, na zaidi ya miaka 20 imepita hivyo. Binafsi naona hili ni tukio la kusifiwa kuliko picha nyingi za kupendeza zinazotoka angani.

Ratiba iliyoandikwa kwa uangalifu wote huo inaweza kuvurugwa na mlipuko mmoja. Kifaa cha kwanza kikigundua mmweko, kompyuta ya chombo hulinganisha uzito wa tukio jipya na uzito wa kile kinachotazamwa, kisha huamua kama ligeukiwe. Hukagua pia kwamba njia ya kugeukia haipiti mahali palipokatazwa. Likiamuliwa, chombo huiacha ratiba na kwenda. Ardhini watakuja kupanga upya mambo yaliyokosekana.

Ila hapa kuna swali. Mlipuko ukitokea wakati chombo kiko juu ya Pasifiki, Ngomeni itakiona baada ya dakika 40 au 60. Darubini kubwa za Chile au Hawaii zinahitaji kujua mahali pa kutazama mara moja, kabla mng'ao haujafifia. Kwa hiyo Swift kilipewa njia ya pili ya mawasiliano. Marekani ina kundi la setilaiti za kupokezana habari ziitwazo TDRSS, zilizoko kilomita 36,000 juu ya ikweta, ambazo huzunguka kwa mwendo ule ule wa dunia na hivyo huonekana kama zimesimama. Kwa kuwa ziko juu sana na zimesambaa pande kadhaa, karibu wakati wowote mojawapo inakiona chombo. Swift hutuma kwake ujumbe mfupi: mahali pa mlipuko, wakati, na makadirio ya nguvu yake. Ujumbe huteremka kwenye vituo vya Marekani, hufika kituo cha Goddard katika jimbo la Maryland, na kusambazwa kwa darubini za dunia. Mara nyingi tangu mmweko hadi ujumbe kuwafikia wataalamu zinapita sekunde kadhaa, si dakika.

Kwa nini basi njia hiyo isitumike kwa data zote? Kwa sababu ni nyembamba. Kutoka chombo kidogo hadi setilaiti iliyoko kilomita 36,000, kwa antena isiyohitaji kuelekezwa, mwendo ni kilobiti chache tu kwa sekunde. Zile megabaiti 135 za kipindi kimoja cha Ngomeni, kwa mwendo wa kilobiti moja kwa sekunde, zingechukua zaidi ya siku 12. Mgawanyo wa kazi unajieleza: neno la dharura hupita njia nyembamba iliyo wazi kila wakati, mzigo hupita njia pana inayofunguka dakika kumi.

Ufinyu huo una matokeo mengine. Kifaa kinachotafuta milipuko hupokea chembe nyingi mno za gama, na haiwezekani kuteremsha taarifa za kila moja. Chombo huziweka kwa muda mfupi kwenye kumbukumbu inayojifuta yenyewe, na huhifadhi tu zile za wakati ambao kifaa kimejiridhisha kwamba kuna mlipuko. Milipuko hafifu, ambayo chombo kingine kama Fermi kimeiona lakini Swift hakikuitambua, ilikuwa inafutika. Mwaka 2020 timu ya Pennsylvania ilieleza mfumo iliouita GUANO: kompyuta ya ardhini ikipata habari ya mlipuko kutoka kwingine, yenyewe, bila kumngoja binadamu, hukiandikia chombo amri ya kuhifadhi taarifa za sekunde zile kabla hazijafutwa. Kwa chombo kilichorushwa mwaka 2004, ni uwezo mpya uliopatikana bila kubadilisha hata skrubu moja.

Jiometri, hata hivyo, haibembelezwi. Tarehe 17 Agosti 2017, nyota mbili za nyutroni zilipogongana na kutikisa vipimo vya mawimbi ya mvutano, mmweko wake wa gama ulionwa na Fermi. Swift, kilichojengwa kwa tukio la aina hiyo hasa, hakikuuona: dunia ilikuwa imekiziba upande ule. Baadaye kiligeuzwa kikaona mng'ao wa urujuanimno uliobaki, na data hizo zikawa na thamani kubwa.

Inapotokea hitilafu, kanuni ya kwanza ni kwamba chombo kisisubiri kuulizwa. Kompyuta ikiona jambo lisilo la kawaida, huacha sayansi yote, huelekeza paneli kwenye jua ili betri zisife, na kungoja. Hali hiyo huitwa hali ya usalama. Januari 2022 gurudumu moja kati ya sita yanayokigeuza chombo lilikufa. Kiliingia katika hali ya usalama, na Februari kikarudi kazini kwa magurudumu matano. Machi 2024 jairoskopu moja kati ya tatu, vifaa vya kupimia mzunguko wa chombo, ilizidi kukosea. Programu mpya iliandikwa, ikapandishwa kwa redio, na mwezi uliofuata chombo kikaendelea kwa jairoskopu mbili. AGILE nayo ilipopoteza uwezo wa kujielekeza mwaka 2009, waliiacha izunguke kama pia na kupanga upya utafiti wote kuendana na hali hiyo. Ilifanya kazi hivyo hadi Januari 2024.

Lipo tatizo moja ambalo programu haiwezi kulitatua. Swift hakina injini. Hata kwenye kimo cha kilomita 600 kuna hewa kidogo sana inayokikwaruza, na jua likichangamka, kama lilivyofanya katika miaka hii, tabaka la juu la hewa huvimba na kukiburuta zaidi. Chombo kimekuwa kikishuka kuelekea kilomita 400. Rudia ile hesabu ya kwanza kwa kimo hicho: muda mrefu kabisa wa kuonekana unapungua kutoka dakika 13 hadi 10, na duara la kuonekana linasinyaa kutoka nyuzi 24 hadi 20 kila upande wa kituo. Kwa kuwa Malindi iko nyuzi tatu kusini na chombo hufika nyuzi 20.6 kaskazini, mizunguko iliyokuwa ikionekana kwa shida sasa haionekani kabisa. Kabla chombo hakijaungua hewani, huanza kuwa vigumu kuzungumza nacho. Septemba 2025 NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilitangaza kuipa kampuni ya Katalyst Space Technologies mkataba wa dola milioni 30, ili mwaka 2026 itume chombo kingine kikishike Swift na kukiinua.

Baada ya kufuata hoja hizi, sasa inawezekana kutoa hukumu mbili. Ya kwanza ni kuhusu chombo. Swift kimedumu kwa sababu wabunifu wake walikubali tangu mwanzo kwamba ardhi haitakiona muda mwingi, wakakipa uamuzi wake, njia nyembamba ya dharura, na ratiba inayoweza kuvunjwa bila madhara. Mradi unaotegemea kuongea na chombo chake kila wakati ungekufa mapema.

Ya pili ni kuhusu Ngomeni. Madishi yanaweza kununuliwa na nchi yoyote, lakini latitudo hainunuliwi. Makubaliano mapya kati ya Kenya na Italia, yaliyotiwa saini Trento Oktoba 2016, yanataja mafunzo na upatikanaji wa data, na Kenya ina Shirika lake la Anga za Juu tangu mwaka 2017. Wanaojadili utekelezaji wa makubaliano hayo wasiishie kwenye kodi ya ardhi na ajira za ulinzi. Kazi yenye elimu ndani yake ni ile ya kuandika ratiba, na hadi leo ratiba za vyombo vinavyopita juu ya Ngomeni huandikwa Pennsylvania, Colorado na Italia. Nafasi za mafunzo zinazoombwa ziombwe huko.